Leso 23, boriti 6 na kusi: hii kazi ni yangu au ya upepo?

KititiaLangoni
Assalam aleikum wanajamvi, na wasio Waislamu hamjambo. Niko Lamu, jioni nafundisha watoto kuchora na kuunda vitu vya mikono, si skuli rasmi, ni darini kwetu tu hapa Langoni, wakija kumi sawa, wakifika ishirini mama anaanza kugonga sufuria kule chini nijue nimezidisha.

Sasa mwezi wa saba kusi, ule upepo wa kusini, imechacha, nikapata wazo. Nikakusanya leso (kanga) kuukuu kwa makhalati na majirani, zimefika 23, nikazitundika kwenye kamba moja ndefu kila moja na jina lake, yaani yale maneno yaliyochapwa, niuache upepo uamue lipi lisomeke. Manake leso ikipigwa na upepo husomi jina lote, unapata kipande hapa kipande pale. "Wema hauozi" imejikunja imebaki "Wema hau", ya pili yake "Usisafirie nyota ya mwenzio" imebaki "nyota ya mwenzio", watoto wanasoma kwa sauti moja "wema hau nyota ya mwenzio!!" wanacheka mpaka wanagaragara. Kila upepo ukibadilika kidogo wanapata sentensi mpya, na mimi hapo sijafanya kitu, nimekaa na chai yangu.

Shida. Siku ya tatu kibanio kikaachia, leso moja ikaruka kipaa cha pili ikatua dakani, pale mlangoni, kwa jirani yetu ambaye hatuongei naye vizuri tangu mambo ya maji ya mvua kumwagika upande wake. Na katika leso 23 iliyoruka ni ipi? "Hasidi hana sababu". Na haikuanguka imejikunja ati, imetua imefunguka kama mtu kaitandika. Mama mpaka leo hapiti njia ile.

Sasa nataka kuihamishia Shela ufuoni, nishaahidiwa boriti 6. Swali ni hili: nikaze kila kitu kisitoroke, ama niache upepo ufanye yake? Na nikiuacha, hiyo kazi bado ni yangu?

kijana_mkomani
Kazi ni ya jirani sasa, ameshapokea 😂

Umm_Salma77
Hahaha maskini mamako. Lakini mwanangu leso haiendi bure, leso ina mdomo. Ukinunua unasoma jina kwanza rangi baadaye, na ukimpa mtu umemwambia neno. Wewe umempa upepo leso 23 aseme nazo atakalo halafu unashangaa kamtukana mtu.

KititiaLangoni
@Umm_Salma77 khalati hilo ndo limenikosha roho hapo ulivyosema. Ina maana ile iliyoruka ndo ilifanya kazi kuliko zote zilizobaki kwenye kamba??

Nahodha_Mstaafu
Binti, mimi nimesafiri na jahazi miaka mingi, sasa niko tini ya mkungu nakunwa kahawa tu, lakini swali lako silo la wasanii peke yao. Wewe wauliza nikaze au niache. Hakuna baharia akazae kila kitu wala alegezae kila kitu. Foromali, ule mti ubebao tanga, ina mahali pa kukazwa, ukiregeza pale umekufa. Demani nayo, ile kamba ya kuongozea tanga, yataka mkono, ukiikaza wakati kusi yapiga kwa nguvu utapindua chombo, ukiiregeza sana tanga litapigapiga kama hizo leso zako na hamuendi popote. Basi ufundi ni kujua kamba ipi ya kukaza na ipi ya kuwa mkononi. Upepo hauamrishwi, lakini hukuti chombo kimeenda Mogadishu kwa bahati tu, kuna mtu alipanga.

Na jambo la pili, uangalie msimu. Kusi ni ya mwezi wa nne hadi wa tisa wa kumi hivi, na kali yake ni wa sita mpaka wa nane, kaskazi yaja mwisho wa mwaka hadi wa tatu. Katikati kuna maleleji, upepo haujui utakalo, leo huku kesho kule. Mimi ningekuwa wewe hizo leso ningezitia maleleji ndio uone mchezo. Kusi ni mtu mmoja asemae neno moja siku nzima.

MwalimuHesabu
Uzi mzuri sana huu jamani. Mimi nafundisha hesabu Malindi na huwa nawapa wanafunzi kisa cha msanii Mfaransa mmoja aitwaye Marcel Duchamp. Mwaka 1913 alichukua uzi wa mita moja, akaunyoosha, akauachia uanguke kutoka urefu wa mita moja. Akafanya hivyo mara tatu. Kila uzi ukaanguka umejipinda kivyake, yeye akazigandisha zile pindo zilivyo na akachongea rula za mbao zinazofuata hizo pindo, kwa hiyo akawa na "mita" tatu, zote sawa urefu wa uzi na hakuna iliyonyooka. Utani mtupu, lakini ona utaratibu aliouweka: mita moja kamili, kimo kimoja, mara tatu. Bahati aliiachia sehemu ndogo tu, sekunde ile uzi uko hewani.

Halafu 1919 dadake Suzanne aliolewa Paris, yeye yuko Buenos Aires, zawadi aliyomtumia ni maagizo: chukua kitabu cha jiometri, kining'inize kwa kamba kwenye roshani, upepo ufungue kurasa, uchague maswali, uzichane. Na dada akafanya kweli. Kila nikiwapa wanafunzi mtihani nakumbuka hiyo, ningeachia upepo wa matlai uchague maswali nisilaumiwe.

Umm_Salma77
Hapo kwa kitabu mimi siko. Kitabu kina elimu, hakining'inizwi kikachanwa na upepo, hata kiwe cha hesabu. Kwetu karatasi yenye maandishi ukiikuta njiani unaiokota unaiweka ukutani. Huyo dada angeletewa sahani.

MwalimuHesabu
@Umm_Salma77 naheshimu mama, na ndo maana nasema leso ya huyu binti imempita Duchamp kwa mbali. Leso imezaliwa kwenye upepo, inaanikwa kila siku, hakuna heshima iliyovunjwa.

kijana_mkomani
Isipokuwa ya jirani

pwani_ya_dini
Mimi naomba tuangalie lugha. Mnasema bahati, bahati. Hakuna bahati, kuna kadari. Na kusoma maneno yanayotoka kwenye upepo ni karibu na kupiga fali, kutabiri, watoto wasije wakazoea kuulizia mambo yao kwenye leso.

Nahodha_Mstaafu
Sheikh umenena kweli na hakuna apingae hapa. Upepo ni wa Mola. Lakini fundo la kamba nimelipiga mimi, na likifunguka nisiseme kadari. Ngamia hufungwa kwanza kisha ndio mtu hutawakali. Watoto wacheka tu sheikh, hawaulizii posa.

fundi_tanga
Mie nashona matanga, marudufu na siku hizi hata turubai, acheni niongee ya mikono kidogo kabla huyu dada hajaumiza mtu.

Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukizidi mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Upepo wa kilomita 18 kwa saa ukipiga kitambaa kilichotanda wima, mita moja ya mraba inasukumwa kwa kama kilo moja na nusu, hiyo mtoto anashika. Ukifika kilomita 36 ni kilo sita kwa hiyo mita moja. Leso moja ni kama mita za mraba moja na nusu na zaidi, kwa hiyo ikitanda kama tanga inavuta kilo tisa kumi hivi. Zidisha kwa 23. Afadhali leso iliyobanwa juu peke yake inajinyanyua na kumwaga upepo, ndio maana nguo za kuanika haziangushi nyumba, lakini ukifunga pembe zote nne umeshafanya tanga na boriti zako zitang'oka ziende na watu.

Sisemi mambo ya kufikirika. Kulikuwa na wasanii wawili mke na mume, Christo na Jeanne-Claude, 1972 walitandaza pazia kubwa la rangi ya chungwa bondeni kule Colorado Marekani, mwaka mmoja kabla walijaribu likachanika, hili la pili likakaa saa 28 tu dhoruba ikaja wakalishusha. Hiyo ni hasara ya kitambaa. Lakini 1991 waliweka miavuli mikubwa 3,100, ya bluu Japani na ya njano California, mmoja una kilo zaidi ya mia mbili, upepo ukang'oa mmoja wa California ukamuua mwanamke aliyekuja kutazama tu. Wakaamua kufunga maonyesho yote. Sasa ukisikia mtu anakwambia upepo ni mwenzetu katika kazi, mwenzio huyo hajui kuna mtoto amesimama pale.

Ushauri: pembe za juu kaza kwa kamba nene. Chini acha huru. Na kila leso upande mmoja tia uzi mwembamba wa pamba ambao ukizidiwa unakatika wenyewe, bora leso iruke kuliko boriti ianguke.

KititiaLangoni
Fundi ahsante sana, hiyo ya uzi unaokatika sikuwa nimeiwaza kabisa, yaani mimi nawaza kuzuia zisiruke na wewe unanipangia zirukie wapi.

MalindiMoja
Kuhusu kutomsikiliza mwenzako, sisi huku Malindi tuna ile nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, watu wanapiga picha, kisa cha maana hakipo kwenye nguzo. Alitoka Malindi Aprili 1498 kusi ikianza na rubani aliyepewa huku anayejua, akafika Calicut kule India kwa wiki tatu na kitu. Kurudi hakusubiri kaskazi, akang'oa nanga kabla ya wakati, ikamchukua karibu miezi mitatu baharini, watu wakafa kwa kiseyeye mpaka akabaki na mabaharia wachache, akaichoma meli moja hakuna wa kuiendesha. Upepo ule ule. Alikwenda nao mara moja na akagombana nao mara moja.

kijana_mkomani
Nyinyi mmeshaifanya leso kuwa somo la historia, mi nataka picha za Shela

KititiaLangoni
Haya picha simu imekataa kupakia lakini naeleza.

Tulienda Jumamosi alfajiri kabla jua halijawa kali, boriti tumezibeba kwa mashua ya ami yangu. Tulipotaka kupanda vilima mzee mmoja wa pale akatuzuia, akasema vilima vya Shela ndo vinavyoshika maji tamu tunayokunywa mjini, ukikanyaga na kuchimba hovyo majani yanakufa mchanga unahama. Nilikuwa najua juujuu tu nikaona haya. Tukashuka chini kwenye mchanga wa kawaida juu kidogo ya alama ya maji makuu.

Boriti sita kwa mstari, leso zinaangalia bahari, pembe za chini huru. Kusi ikazichukua zote mara moja, zikanyanyuka zimelala hewani kuelekea bara. Wallahi nilinyamaza. Hazisomeki ukisimama, lazima ulale chini chali uangalie juu ndo unasoma, hiyo sikuipanga, watoto ndo waligundua manake wao walishachoka wakalala kivulini. Basi ikawa hivyo, wazee kwa watoto wanalala mchanga wanasoma leso. Watalii wawili nao wakalala, hawajui wanachosoma.

Tukafanya na ule mchezo wa uzi wa MwalimuHesabu, kila mtoto mshipi wa mita moja anauachia uanguke mchangani, lakini kwa kusi mshipi hauanguki chini unaangukia kwa mwenzako, ikawa vita vya nani kamwibia nani mita.

Saa nne akaja punda. Peke yake hana mwenyewe. Akasimama, akaangalia, akachagua leso ya rangi nyekundu akaivuta, uzi wa fundi ukakatika vizuri kabisa kama ulivyokusudiwa, punda akaondoka nayo imemfunika kichwa na shingo anaenda pole pole ufuoni kama bi harusi. Jina la ile leso "Japo sipati tamaa sikati". Watu walicheka mpaka mashua zinazopita zikasimama.

Sasa niambieni, hiyo ya punda niliipanga mimi? Sikuipanga. Lakini bila ya boriti, na kamba, na uzi mwembamba, punda angepita tu kama kila siku.

fundi_tanga
Uzi wangu huo 😂 nitiwe jina kwenye kazi

MwalimuHesabu
Hapo ndo penyewe. Kuna Mholanzi Theo Jansen tangu 1990 anaunda wanyama wakubwa wa mabomba ya plastiki yale ya kupitishia nyaya za umeme, wanatembea ufuoni kwa upepo tu, hawana mota. Miguu yao ina vipimo kumi na moja ambavyo hakuvikisia, alikaa na kompyuta ikamtolea miguu mingi ya kubahatisha, akabakiza inayotembea vizuri, akaizalisha tena, akachuja tena. Bahati ilimletea rundo, yeye akawa mlangoni anachagua nani aingie. Baadhi yao wana chupa za plastiki za kuhifadhi hewa iliyoshindiliwa, wakila upepo wanauweka tumboni wautumie ukitulia. Wewe nawe leso ya punda ungeweza kukimbia ukaichukue. Uliiacha. Kule kuiacha ndo kazi yako, mimi naona hivyo.

Umm_Salma77
Na leso yenyewe ni ya nani? Maana mwenyewe atataka kujua iko wapi.

KititiaLangoni
Ya shangazi. Tumeipata, ina matundu mawili.

msusi_kipungani
Mimi nasuka mikeka na makofia Kipungani, nasoma tu kimya. Naomba jambo moja, msije mkaanza kutundika plastiki na manyuzi ya nailoni kwa jina la sanaa. Upepo ukishinda vinaishia baharini na sisi ndio tunaviokota kwenye mikoko. Watoto wa zamani walifanya tiara kwa majuala ya plastiki, tangu yapigwe marufuku 2017 wamerudi kwa karatasi na magazeti na tiara zinapaa vile vile. Vititia vya makuti, vile vinavyozungushwa na upepo, vipo, likiruka kuti limeruka, hakuna aliyeumia. Na kama ni lazima plastiki basi fanyeni kama lile jahazi lililoundwa hapa Lamu kwa plastiki za kuokota, likavikwa ndara 30,000, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likaenda Zanzibar. Hiyo ni plastiki iliyotolewa majini, si ya kupelekwa.

KititiaLangoni
Kweli kabisa, nimebadilisha kamba zote ni za makumbi sasa. Zinakwaruza mikono lakini sawa.

MalindiMoja
Nyavu je? Kuna Mmarekani Janet Echelman alikwenda India 1997 kufanya maonyesho ya uchoraji, rangi zake hazikufika, akawa anatembea ufuoni Mahabalipuram akiona wavuvi wanarundika nyavu, akaanza kuzining'iniza hizo hizo. Sasa anatundika nyavu kubwa juu ya miji. Zote kwa sababu mzigo ulichelewa. Nyinyi jarife kuukuu hamkosi.

Nahodha_Mstaafu
Jarife halifai kwa alivyotaka yeye. Upepo wapita kwenye matundu, halina jina la kusoma. Lakini lapendeza, sikatai. Likiwa kavu lapumua kama mtu alalae.

kijana_mkomani
Mzee leo umetoa shairi bila kutoza

KititiaLangoni
Narudi baada ya kimya kirefu, samahani. Kaskazi imeingia na nina habari tatu.

Ya kwanza nilijaribu kalamu. Kuna Mwingereza, Tim Knowles, anafunga kalamu kwenye ncha za matawi na kuweka karatasi, mti unachora ukitikiswa na upepo. Nikafunga kalamu nne kwenye mwarobaini wa nyuma ya nyumba. Mwisho wa kusi zilichora mistari mifupi mizito inayorudi pale pale, nahodha alisema kweli, mtu mmoja na neno moja. Maleleji zikachora kama buibui aliyelewa. Ya kaskazi sina, mbuzi kala karatasi. Nimemwambia MwalimuHesabu kwa simu akasema ndo data.

Ya pili leso nimezirudisha Shela, boriti zile zile upande ule ule. Kaskazi imezigeuza, sasa zinalala hewani kuelekea baharini, ukilala chini unaona mgongo wa leso na maandishi yamerudi nyuma, yanaanzia kulia. Watoto wamekasirika hawawezi kusoma. Nikataka kuzigeuza, nikasita.

Nahodha_Mstaafu
Usigeuze. Sisi watu wa Amu (Lamu) tumeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, kwa mamia ya miaka, watasoma tu. Na ya tatu?

KititiaLangoni
Ya tatu ni jirani. Jana jioni kabisha hodi mwenyewe, mama karibu aanguke. Hakuingia, kasimama mlangoni, kanikabidhi leso imekunjwa, mpya, ina harufu ya udi. Kasema amesikia tunatundika leso na hakuna aliyemuomba yake. Nimeifungua akiwa ameshaondoka, jina lake "Mdhaniaye ndiye siye".

Alafu karudi tena akiwa ameshafika kwake, kachungulia, akaniambia nisiitundike Shela. Niitundike hapa hapa darini, nisiibane sana upande wa kushoto.